Homa ya Hospitali na Homa ya Nyumbani

Kabla bodaboda hazijaijua njia ya kwetu Mpale, juu milimani, mgonjwa aliyezidiwa alishushwa bondeni kwa machela, na machela yenyewe ilikuwa blanketi la mistari lililofungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne mabegani na wengine wanne nyuma wakingoja zamu, mbele yao kijana mwenye kurunzi ya betri tatu akiwaonyesha penye utelezi, na nyuma kabisa wanawake waliobeba beseni, kanga na chupa ya chai. Sisi watoto tuliwasikia kabla ya kuwaona. Mgonjwa akilia, watu walipata moyo. Akinyamaza, waliongeza mwendo. Na aliyebebwa, mara nyingi, alikuwa mwanamke ambaye mtoto amekataa kutoka.

Leo wanapiga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama. Upande wa pili kuna mtu anayeuliza maswali, anatafuta gari la wagonjwa, na likikosekana anamtafuta dereva wa mtaani aliyekwisha kusajiliwa, ambaye malipo yake hayatoki kwenye pindo la kanga ya mgonjwa. Mvua ikinyesha, mlima ni ule ule. Lakini walau kuna wa kumpigia.

Machela siitamani. Hakuna mwanamke aliyewahi kulala ndani yake akaitamani. Kinachonirudia kichwani ni kikao kilichoitangulia. Kabla kamba hazijakazwa wazee walikaa: mama mkwe, shangazi wa mume, mjomba ambaye bila yeye hakuna jambo, na mgosi mmoja wa jirani aliyeheshimiwa kwa busara zake au kwa mbuzi wake, na swali lililowaweka pale hadi jogoo la kwanza lilikuwa moja tu, kwamba homa hii ni ya hospitali au ni ya nyumbani. Homa ya hospitali ilikuwa ya Mungu, imekuja yenyewe, itatii kidonge. Homa ya nyumbani ilikuwa na mtu nyuma yake, au jambo la ukoo lililosahauliwa, na ukiipeleka hospitali umepoteza nauli. Wazee wale hawakuwa wakikisia tu. Walibishana kwa ushahidi: ilianza wakati gani, klorokwini aliyomeza juzi ilifanya nini, mbona inapanda jioni na kushuka asubuhi. Mgonjwa aliulizwa mwisho, kama aliulizwa. Fedha ilitoka kwa wengi, basi na uamuzi ukawa wa wengi.

Siku hizi uamuzi ni wa mwanamke na simu yake. Ndivyo tunavyosema, walau.

Mimba yangu ya kwanza nilirudi nayo kwetu Mpale kutoka Handeni nilikoolewa, kwa sababu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti. Ulikuwa mwaka 1984, na aliyekuwa na akili zake mwaka huo hahitaji kusimuliwa: sabuni ya foleni, mafuta ya taa ya foleni, doti ya kanga kwa kujuana na mtu wa duka la ushirika, na wembe mmoja mpya uliofichwa kwenye kopo la majani ya chai tangu mimba ina miezi minne. Bibi mzaa mama ndiye aliyenizalisha. Alikuwa na mikono mikavu iliyonuka mafuta ya nyonyo na moshi, na aliipitisha tumboni polepole, macho yakiwa ukutani, kisha akasema, "Amekaa vizuri, kichwa chini, ila ni mvivu." Kibatari kilikuwa kimeinuliwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mama yangu alinishika mgongoni. Shangazi alikaa mlangoni asiingie mtu mwenye jicho baya, na nadhani pia ili mimi nisitoke.

Alipotoka mtoto, mvulana, bibi alikata kitovu kwa ule wembe, akafunga kwa uzi mweusi, akapaka majivu ya jikoni yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano tunayoyaita dang'a, aliyakamua chini akisema yamekaa tumboni muda mrefu mno. Kondo la nyuma lilizikwa mgombani. Kisha nikapewa onyo ambalo kila mama wa pwani na milima ya Tanga analijua: kitovu kikianza kulegea, nisikiache kikamdondokea mtoto sehemu zake za kiume, ama siku moja mkewe atakuja kunilaumu. Nilikilinda kile kitovu kama askari wa benki. Usiku sikulala, mchana sikumpa mtu ambebe.

Na halafu ikaja arobaini. Siku zile zote sikuchota maji, sikupika, sikugusa jembe. Asubuhi niliamshwa kwa uji wa pilipili manga uliochoma koo hadi machozi, jioni nikakandwa kwa maji yaliyokuwa hayajaacha kutoa mvuke, kanga ikikunjwa na kubanwa tumboni na kiunoni huku nikipiga kelele na bibi akinicheka, nikafungwa tumbo, nikalazwa. Wanawake waliingia na kutoka, kila mmoja na kuni zake, ndizi zake, umbea wake. Nilijifunza mambo mengi katika siku zile, mengine ya kulea mtoto na mengine ya kuishi na mume, ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mjukuu wangu, mtoto wa yule mvulana, sasa anasomea uuguzi na ukunga Korogwe. Akija likizo hunisimulisha habari hizi, na kila nikimaliza kipande huinua kidole kama mwalimu. Majivu: pepopunda, bibi. Dang'a kumwagwa chini: hiyo ndiyo chanjo ya kwanza ya mtoto, bibi, mmeimwaga mgombani. Maji ya moto: wanawake wanaungua, na damu inaongezeka. Kitovu kudondoka: alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema kinaachwa kikavu, hakipakwi kitu, na kinaanguka kinapotaka. Sikuwa na la kujibu, maana watoto waliokufa kwa pepopunda siku ya saba au ya nane niliwaona kwa macho yangu, na tulikuwa na jina lingine la kilichowaua.

Arobaini hakuikata. "Hiyo mlikuwa sawa," alisema. "Mama aliyejifungua apumzike, ale vizuri, asiachwe peke yake. Hata kwenye somo letu limo."

Limo kwenye somo. Kwenye nyumba halimo tena. Mkwe wangu, mama yake huyu huyu binti, mtoto wake wa mwisho alimzaa hospitali, kesho yake akaruhusiwa, na wiki ya pili alikuwa sokoni na mafungu yake ya nyanya, mtoto mgongoni. Hakuna aliyemlazimisha. Hakukuwa na shangazi wa kukaa mlangoni, shangazi naye ana biashara yake. Katika yote aliyoyajua bibi yangu, jambo ambalo wasomi wanalikubali ndilo tulilolitupa bila hata kuambiwa.

Faida siifichi, na siyo ndogo. Kwa takwimu za taifa, mwaka 1999 hata nusu ya wanawake wa Tanzania hawakuwa wakijifungulia kituoni. Walikuwa asilimia 44 hivi. Mwaka 2022 walifika 81. Vifo vya uzazi, ambavyo utafiti wa 2015 na 2016 ulivihesabu kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, utafiti wa 2022 uliviona vimeshuka hadi 104. Hesabu za namna hii zina ubishi wake, kila taasisi ina kanuni yake. Lakini sisi tuliozoea kuona machela ikirudi mlimani imefunikwa shuka hatubishani juu ya upande hesabu zilikoelekea.

Bei ya faida hiyo tunaijua pia. Huduma ya uzazi ni bure, ndivyo tunavyotangaziwa, na mama huenda na beseni, mipira ya mikono, pamba, nyembe, vibanio vya kitovu, mpira wa kutandika na vitenge vya kutosha. Kliniki ya kwanza anatakiwa aende na baba mtoto, apimwe naye, na asiye na wa kwenda naye mahali pengi huambiwa alete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo mwenyekiti, ambaye zamani hakuwa na kiti hata kwenye kile kikao cha wazee, sasa ana muhuri kwenye mimba. Na lugha. Mwanamke mmoja wa huku kwetu alipolia kwa uchungu katika hospitali moja, muuguzi alimuuliza kama siku ya kuitafuta mimba alilia hivyo. Swali hilo limezunguka nchi nzima, kila mkoa unadhani ni la kwao. Bibi yangu alikuwa na mdomo mchafu kuliko wauguzi wote niliowahi kukutana nao, lakini alitukana akiwa amekushika mgongo.

Elimu yenyewe haikuanza jana. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi, na ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni watu wazima walikusanyika shuleni kuizunguka redio ya mbao yenye betri kubwa, mwalimu akiwa na kile kijitabu, wakasikiliza, wakasomewa, kisha wakaulizana: maji tunachota wapi, vyoo viko vingapi, mbu wanazalia wapi. Karibu watu milioni mbili nchi nzima walikaa kwenye vikundi vya namna hiyo. Baba alichimba choo cha shimo kirefu hivi kwamba udongo wake ulitosha kukandika jiko. Kina mama walihudhuria wakiwa na ukili mikononi, hawakuandika kitu, na baada ya miezi walikuwa wanaweza kukariri njia ya kichocho kutoka kwa konokono hadi tumboni. Nyumbani walirudi na kuendelea kumwita mganga. Hawakuona mgongano wowote. Kichocho kilikuwa cha konokono, na homa ya nyumbani ilikuwa ya nyumbani.

Miaka ishirini baadaye redio ilifanya kazi ambayo hakuna semina iliyoiweza. Mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulianza 1993, mara mbili kwa wiki, na yeyote aliyekuwa na masikio anamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, na mkewe Tunu. Wanawake wa Handeni, kando ya barabara ambako malori hulala, hawakuhitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Walikuwa wanampikia. Mada ambazo mama mkwe na mkaza mwana hawawezi kuzitaja chini ya paa moja zilitajwa na redio, wote wawili wakajifanya wanachambua mchele. Kipindi kikiisha, mama mkwe wangu alikuwa akisema, "Huyo Tunu naye," na kunyamaza. Lakini alikuwa amesema.

Nimeitaja Handeni, na lazima niikalie kidogo, maana huko ndiko nilikojua malaria. Msichana wa milimani akishuka tambarare haichukui muda kuijua. Mpale tulikuwa na baridi ya asubuhi na makohozi. Handeni kulikuwa na jua, mahindi yanayokauka kabla ya kuzaa, na mbu wanaoimba sikioni. Klorokwini niliimeza zaidi kwa mwaka mmoja kuliko maisha yangu yote ya kabla. Uchungu wake kila mtu anaukumbuka, na zaidi ya uchungu ule mwasho: mwili mzima, nyayo, viganja, kichwani, unajikuna na kijiti cha muhindi hadi alfajiri, wengine wakitupa vidonge vilivyobaki kwa sababu ya kuwashwa tu. Daktari aliandika "mgonjwa hakumaliza dozi." Hakuuliza kwa nini.

Mtoto wangu wa pili alishikwa na degedege akiwa na mwaka na miezi. Alikuwa na joto tangu mchana. Jua lilipozama mikono yake ilikakamaa, macho yakapinduka yakabaki meupe, taya zikafungana. Nilipiga yowe. Mama mkwe alimchukua mikononi mwangu, akamlaza kwenye mkeka, akamfunika kanga iliyoloweshwa mkojo, akaagiza mavi ya tembo yaliyokuwa yamehifadhiwa darini kwa kazi hiyo, yakawekwa juu ya kaa, moshi ukamwingia mtoto puani. Ulinuka kama shamba linalochomwa, pamoja na kitu kingine kichungu ambacho hata sasa nikikisikia mahali natafuta mtoto ni wa nani. Mume wangu alitaka kutafuta baiskeli twende Kwamkono, hospitali ya misheni. Wazee walikataa. Siyo kwamba waliichukia hospitali. Wao wenyewe ndio waliotupeleka huko kwa homa, vidonda na kuhara. Walikataa kwa sababu kila mtu alijua kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hafiki asubuhi. Na ushahidi walikuwa nao, watoto wa nyumba wanazozitaja kwa majina, waliopelekwa wakachomwa wakafa. Kwamba walipelekwa wakiwa wamechelewa, na kwamba walichelewa kwa sababu ya kuogopa sindano, ni hesabu ambayo usiku ule hapakuwa na wa kuipiga.

Mtetemeko ulipoachia, mama mkwe mwenyewe alisema, "Sasa degedege limetoka, imebaki homa. Homa mpelekeni." Tulifika alfajiri. Akapewa kwinini, akapona, na kila upande ukadai ushindi. Leo ni fundi wa pikipiki Korogwe na anadai kilichomponya ni ukaidi wake tu. Mtoto wa jirani yetu, msimu ule ule, hakupona.

Nasikia watafiti wakiandika kwamba wanawake wa zamani hawakuwa na uelewa. Uelewa walikuwa nao, tena wenye mpangilio. Mkojo na maji vilishusha joto, na leo muuguzi naye hutaka joto lishuke. Walichokosa ni kitu kimoja, kwamba degedege na homa ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, na kosa hilo moja lilijaza makaburi madogo.

Kisha malaria ikaanza kurudi nyuma, bila mtu kuiaga. Mwaka 2001 klorokwini iliondolewa, ikaja SP, baadaye dawa ya mseto. Kuanzia 2004 wajawazito wakapewa hati punguzo za vyandarua. Watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, waliopima damu za watu wa Korogwe waliona katika kijiji kimoja cha tambarare maambukizi yakishuka kutoka asilimia 78 mwaka 2003 hadi 13 mwaka 2008. Mavi ya tembo sijui kama kuna anayeyahifadhi darini. Wasichana wa leo hawajawahi kuliona degedege hata mara moja, na ukiwasimulia wanadhani unawatisha.

Korogwe ilitoa zaidi ya takwimu. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yale makubwa yaliyoanza 2009 katika nchi kadhaa za Afrika, yalikuwa na kituo chake hapa, na ni mama zetu waliokubali, wakawabeba watoto, wakaketi kwenye mabenchi, wakatazama damu ikivutwa. Usidhani ilikuwa rahisi kwa watu ambao bibi zao waliwatisha kwa mumiani. Walikuwepo waume waliosema damu inauzwa Ulaya. Mama walikwenda hata hivyo, wengine kwa imani, wengine kwa sababu mtoto aliye kwenye utafiti alitibiwa haraka na vizuri. Mwaka 2019 chanjo ile ilianza kutolewa kwa watoto wa kawaida, nayo ikaanza Malawi, Ghana na Kenya. Sina kinyongo na Wakenya. Ila najua mabenchi yalikuwa wapi.

Sasa maarifa yako kila mahali na yanauzwa. Ukienda kwenye duka la dawa la mji wowote ukasema tumbo la chini, utaambiwa una UTI. Ukisema kichwa, taifodi. Vipimo vya haraka vya malaria vikionyesha huna, mgonjwa anakasirika, anasema kipimo hakioni. Na usiku, simu ikiwa na chaji, wanawake wanatazama watu waliovaa koti jeupe wakiwauzia vidonge vya kusafisha kizazi, vya kuyeyusha uvimbe, vya kurekebisha homoni, vya kubana, lipia kwa simu, utatumiwa kwa basi. Sisi wa Tanga tusicheke sana, maana "mganga kutoka Handeni" tumelisoma kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam tangu nguzo zilipokuwa za mbao. Tofauti ni kwamba mganga wa Handeni ninayemjua mimi alikaa umbali wa kumfuata na panga dawa ikigoma. Mwenye koti jeupe anabadilisha namba.

Haikuwa lazima iwe hivi, kambi mbili zinazosemana vibaya. Miaka ya 1990, UKIMWI ulipotushika hatuna dawa, madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga wa jadi wa Pangani na Tanga walikaa meza moja, wakazaa kile kikundi kinachojulikana kwa kifupi TAWG, wakatibu wagonjwa pamoja, wakafundishana. Nilitarajia mengi kutoka kwenye meza ile.

Mjukuu wangu anasema darasani kwao hali siyo tofauti na mtaani. Wasichana wanaojua P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, inafanya kazi vipi, wanaoweza kukuchorea yai na mji wa mimba ubaoni, ndio wanaoimeza mara kwa mara badala ya njia ya muda mrefu, kwa sababu kijiti huonekana mkononi na mchumba huuliza. Wapo wanaovaa hirizi ndani ya sare wakati wa mitihani. Yeye mwenyewe, alipokuwa na maumivu makali ya hedhi, alimeza dawa ya hospitali kisha akaniomba mizizi ya mchango. Nilimuuliza ipi ilimsaidia. "Usianze, bibi," akasema.

Lakini ana kitu ambacho walimu wake hawakumpa. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipokuja shuleni, hii ya dozi moja tangu 2024 kwa wasichana wa miaka tisa hadi kumi na minne, kina mama kadhaa wa jirani waliwazuia watoto nyumbani siku hiyo wakisema itawatia ugumba. Mhudumu wa afya aliwaeleza virusi kwa mchoro, wakaitikia, wakabaki na msimamo wao. Mjukuu wangu hakutaja virusi. Aliwauliza ni nani wanamkumbuka aliyekufa akitoka damu na harufu baada ya kukoma hedhi, na kila mmoja alikuwa naye: mama mdogo, wifi, jirani aliyedhaniwa amerogwa. Waliwahesabu hadi chai ikapoa. Wawili walipeleka watoto. Mmoja alisema atafikiri.

Na mwezi uliopita, katika mafunzo kwa vitendo, alikuwa zamu ya usiku wodini. Mama mkwe mmoja, mzee wa Kizigua, aliingia na chupa ya chai kumpelekea mkaza mwana aliyekuwa kwenye uchungu tangu mchana. Chupa ilipofunguliwa, mjukuu wangu alisikia harufu. Wenzake hawakusikia kitu. Kwao ilikuwa chai. Yeye alikuwa ameinusa kwangu, kwenye kapu la marehemu bibi yangu lililobaki darini, ile mizizi ya kuongeza uchungu, ambayo bibi aliitumia kwa kipimo cha kiganja na ambayo yeye amefundishwa kwamba inaweza kubana mji wa mimba mpaka ukapasuka.

Hakupiga kelele, maana angepiga kelele chupa ingefichwa na nyingine ingepita dirishani. Alisogea, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Hiyo chai nishikie mimi, mgonjwa nitampa mwenyewe. Amekwisha kuinywa?" Yule mzee akajibu kwamba vikombe viwili, saa ya magharibi. Hapo ndipo alipokwenda kumwambia mkunga wa zamu, na mgonjwa akawekwa karibu, akapimwa kila mara, mapigo ya mtoto yakisikilizwa, daktari akaamshwa mapema kuliko kawaida. Alijifungua salama kabla ya alfajiri, mtoto wa kike.

Asubuhi yule mzee alimtafuta. Alimuuliza yeye ni mtoto wa nani na kwao ni wapi. Alipoambiwa upande mmoja ni Handeni na mwingine ni Mpale, akaguna, akasema basi ndiyo maana, watu wa milimani wana pua. Kisha akadai chupa yake, ioshwe, na arudishiwe ikiwa na chai ya kweli, yenye sukari.